Paulo Hajambo, Anaomba Maji

Mbezi, Dar es Salaam
6 Machi 2022

Shangazi Bernadina,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mama Adrian anakusalimia, Adrian mwenyewe anarefuka tu, suruali zote zimekuwa kaptura. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na Inosenti, kijana wako wa kazi, nikimwambia akupe yake anasema uko shambani, hata saa za kulala kuku.

Nije kwenye jambo. Vijana niliowatuma wamemaliza kupanda nyasi mbele ya nyumba ya marehemu baba, kuanzia barazani mpaka geti kubwa. Ile ni pasipalamu, nyasi za bustani, si majani ya kuokota njiani. Jumapili ya tarehe 18 Desemba nitakuja na wakubwa wangu wa kazini. Jumamosi watashuka kreta kuangalia wanyama, Jumapili watakula mchana hapo nyumbani. Nataka wavue viatu wenyewe bila kuambiwa.

Masika ndiyo inaingia, kwa hiyo Inosenti azingatie haya. Magugu ang'oe na mizizi yakiwa bado machanga. Asikate kabla nyasi hazijafunika udongo wote, na akianza kukata asizidishe theluthi ya urefu wake. Kisu cha mashine kiwe kikali, kwani kisu butu hakikati bali kinachana, na nyasi iliyochanwa inakauka ncha. Samadi itawanywe kidogo, iliyooza vizuri. Asipite mtu juu yake, wala mbuzi, wala kuku. Nimefunga kamera barazani, nitakuwa naangalia kwenye simu.

Geti kubwa libaki limefungwa, ufunguo ninao mimi. Wewe na Inosenti mtumie mlango wa uani. Na lile ulilolitaja siku ile kwenye simu, sina la kuongeza.

Mwanao,
Vedasto

—

Karatu
27 Machi 2022

Vedasto mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimepewa na Mwajabu wa duka la stendi, na alikuwa ameshaanza kulia. Kwa akili yake, mtu wa leo haandiki barua mpaka pawe na maiti. Nikamwambia hajafa mtu, ni mtoto wa kaka yangu tu ananifundisha kulima majani. Akafuta machozi, akacheka mpaka wateja wakageuka.

Simu zako sipokei na sababu unaijua. Nilikutajia jina la mdogo wako, ukanikatia neno likiwa bado mdomoni. Mtu anayemkatia shangazi yake simu, basi aandike. Barua haina kitufe chekundu.

Hapa tunaendelea. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio, ng'ombe amezaa dume, padre mpya anahubiri mpaka ugali unapoa nyumbani. Na Paulo hajambo. Lile jina lake refu la Pasi-nini-sijui limenishinda, nimemwita Paulo, na Inosenti naye amezoea. Asubuhi ananiambia, "Shangazi, Paulo ameota magugu ubavuni," tunainama tunamng'oa.

Umemlaza pale pale baba yako Valeriani alipokuwa akipanda maharage. Wazee wetu walivunjika migongo kuyatoa majani kwenye ile ardhi, wewe umeleta watu kutoka Arusha kuyarudisha. Majirani wanakuja kuchungulia kwenye uzio. Bibi mmoja aliniuliza, "Haya yanazaa nini?" Nikamwambia yanazaa wageni.

Ile kamera yako naisalimia kila asubuhi. Haiitikii. Mmefanana.

Sasa nisikilize, maana huku huwezi kunikata. Goodness mdogo wako ni mjamzito. Anafundisha bado kule Endulen, na Lekoko mume wake anamtunza vizuri. Wazee walipokuja kuposa, mzee Kimaren akiwa mbele yao, wewe ndiye uliyekalia kiti cha baba yako, na hata maji ya kunywa hukuwapa. Ukasema huwezi kumtoa dada yako kwa wachunga ng'ombe. Mtoto akafunga ndoa bila kaka. Kisha ukaweka geti, ukaweka kufuli, na mimi mwanamke mzima naingia nyumbani kwa kaka yangu kwa mlango wa kuku. Nimesema.

Shangazi yako,
Bernadina

—

Mbezi
17 Aprili 2022

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Huku salama, mvua imejaza barabara zote.

Juzi nimeona kwenye kamera turubai la maharage limeanikwa katikati ya nyasi. Nyasi zikifunikwa zinapauka na kuoza. Pia karibu na geti kuna mmea wenye majani mapana unatambaa. Ni nini? Kama Inosenti ameweka samadi mbichi, basi ameleta mbegu za kila aina, na ung'olewe mara moja. Mbolea ya urea atie mvua ikiwa karibu kunyesha. Kamwe asitie juani, itaunguza.

Tafadhali usiziite Paulo. Mama Adrian amesoma barua yako na sasa naye anauliza hali ya Paulo.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Vedasto

—

Karatu
22 Mei 2022

Vedasto,

Marahaba. "Mengine nimeyasoma." Hongera. Nilidhani kusoma uliachia chuoni.

Mmea wenye majani mapana unaotambaa ni boga, mwanangu. Umelelewa na maboga ya hapo hapo getini mpaka ukaota ndevu, leo unauliza kwenye barua ni nini. Kweli samadi ilikuwa mbichi, kosa ni langu, zizi letu halijui miadi. Kung'oa nimemkatalia Inosenti. Nimechuma majani ya maboga wiki tatu mfululizo, na mkutano wa jumuiya umekula akasifiwa Paulo. Ni mkarimu kuliko mwenye bustani.

Habari ya mbolea usikasirike. Barua yako ililala Moshi kwenye buti la basi, ikafika Inosenti ameshatia, tena jua la saa sita. Paulo aliungua mabaka. Baka moja kubwa lilifanana na ramani ya Afrika, Madagaska ikiwa pembeni kabisa. Watoto wa shule walikuja na mwalimu. Lakini Inosenti amechukua vipandikizi kwenye kingo, akavipanda kwenye mabaka udongo ukiwa na unyevu, na vimeshika. Afrika sasa imebaki Kongo tu.

Nilipanda lori la magunia nikaenda Endulen kumwona Goodness. Tumbo limekua. Nilipotaja jina lako aliinama akauliza, "Anakula vizuri?" Kisha akauliza kama geti la mbele bado linalia likifunguliwa, kama lile la mbao alilotengeneza baba. Nikamjibu sijui, silitumii.

Bernadina

—

Mbezi
10 Julai 2022

Shangazi,

Shikamoo. Tumekuwa na mafua nyumba nzima lakini tunaendelea.

Kiangazi hiki ndicho kipimo. Inosenti apandishe kisu cha mashine, nyasi ziachwe ndefu, vidole vitatu au vinne, ili zifunike udongo wake zenyewe. Maji yatiwe alfajiri, mara mbili kwa wiki, mengi, yashuke mpaka chini. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku kunafanya mizizi ipande juu na kufa. Ndiyo maana nimeleta tenki.

Nimeona kwenye kamera akina mama wakichota kwenye tenki hilo. Sisemi wasichote kabisa. Nasema lile ni la bustani.

Nasikia baridi ya Endulen mwezi huu ni kali. Nasema tu.

Vedasto

—

Karatu
14 Agosti 2022

Vedasto mwanangu,

Marahaba, na poleni kwa mafua. "Nasema tu." Wewe ungekuwa ng'ombe ungezaa ukasema umepiga chafya.

Baridi ni kali, ndiyo, na mtoto amezaliwa humo humo. Ni msichana. Mama na mtoto wazima. Wamemwita Laurencia, jina la mama yenu. Nimemshika. Ana paji la uso lako, masikini, lakini tunaomba litapungua.

Goodness anataka abatizwe hapa Karatu, parokiani alikobatizwa yeye na wewe. Padre ameikubali tarehe 18 Desemba. Usiniambie kuhusu wakubwa wako, najua, tarehe nimeichagua mimi kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo nina uhakika utakuwepo. Baada ya kanisa anataka kumleta mtoto nyumbani kwa babu yake. Lakini amesema neno moja na hatarudi nyuma: "Mwanangu hataingia kwa mlango wa uani. Geti likifungwa, tutageuza gari turudi Endulen." Na mimi nakuambia, akigeuza gari siku hiyo, sitegemei kumwona tena hapa nikiwa hai. Hilo ndilo ninalokuomba. Fungua geti.

Maji nimewapa akina mama. Kisima cha bondeni kimebaki tope. Paulo anakunywa wanachobakisha, na hata hivyo katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliye kijani. Ng'ombe wa majirani wanasimama kwenye uzio wanamtazama kama watoto mbele ya duka la soda. Hajambo, anaomba maji. Mwambie atangulie kanisani, maji ya ubatizo yapo.

Bernadina

—

Mbezi
2 Oktoba 2022

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kikao, simu ikanipa taarifa kuna mtu kwenye bustani. Nikafungua mbele ya watu. Nimeona mzee wa Kimaasai, mwenye shuka nyekundu na fimbo, amesimama katikati ya nyasi zangu. Akainama, akazing'oa. Akazing'oa mkono mzima! Kisha akazinyanyua akazitikisa kuelekea kwenye kamera, anabwata muda mrefu, na mwisho akatema mate. Nimetemewa mate, Shangazi, mbele ya mkurugenzi. Na wewe nimekuona umesimama barazani na kanga yako, unatikisa kichwa kukubali.

Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji, mzee Piusi. Nataka huyo mtu apatikane na aniombe radhi, tena kwa maandishi. Inosenti abadilishe kitasa cha mlango wa uani. Alipong'oa pazibwe kabla hapajawa upara.

Kuhusu tarehe 18, wageni wangu wanakuja kama nilivyopanga. Geti litafunguliwa kwa wageni wangu.

Vedasto

—

Karatu
9 Oktoba 2022

Vedasto,

Piusi alikuja na pikipiki, kofia kichwani, uso wa serikali. Akauliza nani amefanya fujo. Nikamweleza. Akakaa kwenye ngazi ya baraza akacheka mpaka akaomba maji. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Bernadina, huyu mtoto tumempoteza." Mimi sikucheka hata mwanzo.

Huyo mzee ni Kimaren, baba mkwe wa dada yako, yule yule uliyemnyima maji. Alitoka Endulen kwa ajili yako tu. Nilimpitisha mlango wa uani, mzee wa umri wa baba yako, akainama kama mwizi wa mayai, kwa sababu ya kufuli lako. Akaniita Yeyo, mama, akauliza, "Vedasto yuko wapi?" Nikamwambia yuko Dar, lakini lile ni jicho lake, anaona kila kitu. Nilikuwa natania. Yeye hakutania. Alijifunga shuka vizuri, akaenda kusimama mbele ya lile jicho kama anavyosimama mbele ya mtu.

Akainama akachuma majani. Vedasto, wewe umezaliwa Karatu. Umesoma shule ya msingi na watoto wa Kimaasai. Hata mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua kuwa Mmaasai akikunyooshea majani mkononi, fimbo inashuka, ugomvi unaisha. Wewe mwenyewe ulikuwa unang'oa majani ukimkimbia baba yako na bakora, na Valeriani, Mwiraqw wa watu, alikuwa anacheka mpaka bakora inamponyoka. Leo mtu anakunyooshea amani, unaita fujo. Majani umeyasomea urefu, mbolea na saa za kunywa maji, na hujui ni ya nini.

Jicho lako halina masikio, kwa hiyo nitakuandikia aliyosema. Alisema: "Vedasto, mimi ni Kimaren. Mwanangu alimchukua dada yako kabla moyo wako haujapoa. Hilo ni kosa, nami nimekuja kuliomba. Kwetu Endulen majani yamekwisha, na malisho ya Olbalbal ni vumbi, ng'ombe wanatembea siku nzima kutafuta. Nimetembea mpaka hapa sijaona jani bichi isipokuwa kwako. Kwa hiyo nimechukua la kwako nikuombe nalo. Mtoto ana jina la mama yako. Mfungulie." Kisha akatema mate, ndiyo. Alikuwa anakubariki, mjinga wewe. Sijawahi kukuita hivyo, na sasa nimekuita.

Unataka akuombe radhi? Alikuwa anakuomba radhi. Ulikuwa na kikao.

Alipoondoka aligeuka akaniuliza kama umejibu. Nikamwambia bado. Akasema, "Dar ni mbali." Ameyaacha yale majani kwenye ukingo wa baraza. Sijayagusa.

Pale alipong'oa hapazibwi. Na Paulo maji basi. Tenki nimewapa watu.

Bernadina

—

Karatu
20 Novemba 2022

Vedasto,

Hujaandika, nami sikuandika nikisubiri. Ng'ombe wa jirani amekufa kwa kukosa malisho. Mwajabu anaulizia barua mpaka ananionea huruma, juzi amenipa sukari bure.

Paulo amekufa, nadhani. Amekuwa rangi ya gunia kutoka barazani mpaka getini. Wageni wako wakivua viatu watachomwa. Mvua imenyesha mara mbili tu, Inosenti anasema tusimzike kwanza, hiyo aina inajifanya imekufa.

Goodness ananiuliza na mimi namwambia Dar ni mbali.

Bernadina

—

Mbezi
1 Desemba 2022

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya tarehe 9 Oktoba naitembeza kwenye begi. Ile video ninayo pia. Nimeiangalia tena, safari hii nikiwa na maneno uliyoyaandika mkononi, nikiyafuata anavyofungua mdomo. Kuna mahali anasimama, anasubiri. Anasubiri nimjibu, Shangazi. Anasubiri kwa heshima kabisa, kisha anaendelea.

Jana mchana nilitoka ofisini nikaenda pale mbele, kwenye nyasi zenye kibao cha Usikanyage, nikang'oa mkono mzima. Mlinzi akanifokea, "Bosi, hizo si zako!" Kamera ya jengo imenichukua, na leo asubuhi mkurugenzi ameniuliza kama niko sawa. Nimemwambia wasije Karatu, nina ubatizo wa mtoto wa dada yangu Goodness. Akauliza, "Una dada?" Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Majani yamo humu. Naomba umpelekee mzee Kimaren, umshikie kwa niaba yangu, maana mimi sina maneno na yeye ni mkubwa. Ufunguo wa geti pia umo. Lifungue kabla Goodness hajafika, asilikute limefungwa. Mimi sijui kama ninastahili kuwepo. Nitasikia kutoka kwako jinsi ilivyokwenda.

Mwambie Goodness nakula vizuri.

Vedasto

—

Karatu
8 Desemba 2022

Vedasto mwanangu,

Marahaba, baba. Mwajabu alipapasa bahasha akasema safari hii umetuma tumbaku. Karibu apatie. Majani yako yamefika yamekauka, yamevunjikavunjika, na yananuka dizeli.

Nimeyapeleka Endulen mwenyewe, goti likilia. Mzee Kimaren aliyamimina kwenye kiganja, akayaangalia muda mrefu. Akasema, "Haya yamechoka na safari." Kisha akacheka, cheko zuri, akayarudisha kwenye bahasha. Akasema, "Yeyo, mwambie nimeyaona na nimefurahi. Lakini majani hayatumwi kwa basi. Mtu anayashika kwa mkono wake." Goodness alikuwa nyuma yake anamnyonyesha mtoto. Salamu yako ya kula vizuri nilimpa. Alilia, kisha akasema muongo, alikuwa anakula kama kuku tangu utotoni.

Ufunguo nakurudishia humu humu. Kufuli alilifunga Vedasto, mimi sina kazi nalo. Misa ni saa tatu, watafika getini kama saa sita. Nimewaambia wasubiri. Wasubiri mpaka lini sikuwaambia.

Habari za Paulo. Inosenti alisema kweli, alikuwa anajifanya. Kwingine kote bado ni gunia, lakini mvua ya wiki hii imemwamsha pale pale mzee alipong'oa, pako kijani, panatosha mkono mmoja. Inosenti alikuja na mashine nikamfukuza. Pale hapakatwi na mtu mpaka uje uchume wewe.

Shangazi yako,
Bernadina